Kisumu ni Jiji la Ngapi? Tufungue Hii Kamba Polepole

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwa shato natoka Nakuru naenda Kisumu, na kutoka Salgaa mpaka Kericho watu walibishana kitu moja tu: Kisumu ni jiji la ngapi hapa Kenya? Mzee aliyekaa mbele akasema ni la tatu, hiyo hata mtoto wa gredi ya tatu anajua. Mama mmoja wa Eldoret, amepakata kikapu, akamwambia baba heshima yako lakini hiyo ilikuwa zamani, siku hizi Eldoret imewapita. Kijana wa siti ya nyuma akatoa kipaza cha simu kwa sikio moja akasema nyinyi wote mnabishana bure, kwanza Kisumu yenyewe ilikuwa Uganda. Gari yote ikacheka. Dereva naye akafunga mjadala, akasema Kisumu ni mtoto wa reli, bila Mzungu kuleta treni pale kungekuwa na viboko peke yake, na hapo watu wakatikisa vichwa wakakubali.

Mimi nilinyamaza, juu mimi ni mtu wa Kisumu na ukitetea kwenu kwa gari hakuna mtu anakuamini. Lakini nilikuwa nahesabu kwa kichwa. Yule kijana waliyemcheka ndiye alikuwa sawa kabisa, na yule dereva waliyemkubali ndiye alikuwa amepotea kuliko wote. Mzee na mama wa Eldoret walikuwa sawa wote wawili, ni vile tu hawakuwa wanaongea kitu moja.

Wacha tuanze na maneno, juu nusu ya huu ugomvi ni wa maneno.

Kaunti, mji, manispaa, jiji

Kaunti ni eneo la serikali za ugatuzi. Ziko 47, zilikuja na Katiba ya 2010 na zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Kaunti ya Kisumu inaanzia Seme huko upande wa Bondo, inapita tauni, inashuka Kano mpaka Ahero, inapanda kwa miwa ya Muhoroni, inazunguka mpaka Nyakach. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 kwa hiyo kaunti yote. Jiji la Kisumu ni kipande ndani yake. Chukulia boma: kaunti ni boma lote pamoja na zizi, shamba la mahindi na ule mti wa mwembe, jiji ni nyumba moja tu ndani ya boma. Mtu wa Pap Onditi ni wa Kisumu, ndio, lakini si wa jiji la Kisumu, hata kama akifika Nairobi anajitambulisha tu hivo ili asianze kueleza ramani.

Sasa jiji, manispaa na mji. Haya ni majina ya kisheria ambayo makao ya watu hupewa, yamepangwa kama ngazi: mji chini, manispaa katikati, jiji juu. Neno la muhimu hapa ni "hupewa". Jiji ni cheo. Mwalimu akifanywa mwalimu mkuu haimaanishi amekuwa mrefu kuliko walimu wote kwa stafurumu, anaweza kuwa mfupi kabisa, lakini barua ya TSC, ile tume ya walimu, iko mfukoni. Nairobi, Mombasa na Kisumu zilikuwa na hiyo barua mapema. Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001 wakati wa Rais Moi, tauni ikisherehekea miaka 100 tangu reli ifike. Nakuru ilipata hati yake tarehe 1 Desemba 2021 kutoka kwa Uhuru Kenyatta, na Eldoret ikapata Agosti 2024 kutoka kwa William Ruto. Kwa hivyo ukihesabu kwa kupewa cheo, yule mzee wa mbele ako sawa, Kisumu ni ya tatu, Nakuru ya nne, Eldoret ya tano.

Lakini ukihesabu vichwa, mambo yanageuka. Sensa ya 2019 kwa idadi ya watu wa mjini ilitoa Nairobi 4,397,073, Mombasa 1,208,333, Nakuru 570,674, Ruiru 490,120, Eldoret 475,716, halafu sasa ndio Kisumu, 397,957. Ya sita. Ndio, Ruiru, ile unapita ukienda Thika, hata si jiji na iko na watu kutuzidi. Mama wa Eldoret alikuwa anaongea hii hesabu, mzee alikuwa anaongea ile ingine, na kama mtu angewaambia hivo pale Mau Summit tungefika Kericho kwa amani.

Kuna kitu kingine hapo kinachekesha kidogo. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 ilisema ili uwe jiji lazima uwe na watu angalau 500,000. Kwa hiyo mizani Kisumu ingeanguka mtihani, lakini yenyewe ilikuwa tayari ndani ya darasa, huwezi kumfukuza mtu kwa mtihani uliowekwa baada ya yeye kuingia. Mwaka 2019 sheria ikarekebishwa, mizani ikashushwa mpaka 250,000, na ndio unaona sai kila tauni inafunga mkanda inataka kuwa jiji. Idadi pekee haitoshi lakini. Maombi yanapitia kamati ya wataalamu, bunge la kaunti, wizara, Seneti, mpaka mwisho Rais anatoa hati.

Na kabla uulize: hapana, kuwa jiji hakumaanishi kuna meya. Meya na madiwani walienda na zile baraza za zamani mwaka 2013. Sai jiji la Kisumu linaendeshwa na bodi na meneja wa jiji, na wote wako chini ya serikali ya kaunti. Na hapana tena, ile siku hati inatolewa reti za ploti hazipandi zenyewe usiku. Hizo zinapangwa na kaunti kwa sheria zake za fedha, na zinaweza kupanda hata mahali hakuna jiji, uliza watu wenye ploti.

Watu walikuwa wanabadilishana chakula hapo kabla ya gurudumu lolote

Turudi kwa dereva sasa. Hii hadithi ya kwamba Mzungu alifika 1901 akakuta maji na matete akajenga tauni, imefundishwa sana na ni uongo nusu. Nusu ya ukweli ni kwamba reli ilifika kweli, Desemba 1901. Nusu ya uongo iko kwa jina lenyewe.

Kisumu linatoka kwa neno la Dholuo, *sumo*, kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana. Njaa ikikubamba kwenu unabeba ulicho nacho, samaki, vyungu, mbuzi, unaenda penye watu wako na nafaka. Waluhya wako na neno linalofanana na hilo, okhusuma, na hiyo haishangazi, juu ndio walikuwa wanakutana hapo, Wajaluo, Waluhya, Wanandi wakishuka kutoka juu milimani na Abagusii kutoka upande ule mwingine wa ghuba. Watu wakisema wanaenda *kisuma*, walimaanisha wanaenda mahali pa kubadilishana. Kwa hivyo kabla ya Mzungu kuandika jina lolote kwa ramani, mahali pale palikuwa tayari panaitwa soko. Hakukuwa na majumba, sawa, lakini hata Kibuye siku ya Jumapili majumba si ndiyo yanaifanya iwe soko.

Wazungu nao hawakuja kwa Kisumu moja kwa moja. Njia ya misafara ya kwenda Uganda ilikuwa inapita Mumias, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na hata ramani ya kwanza ya reli, ya upimaji wa mwaka 1892, ilikuwa imepanga treni iishie Port Victoria, ile ya Budalang'i. Baadaye wapimaji wakaona ukikata kuja kwa ghuba ya huku Winam njia inakuwa fupi sana, pesa inaokolewa. Wakabadilisha mstari. Fikiria kidogo: kalamu ingebaki penye ilikuwa, leo Port Victoria ndio ingekuwa na ndege za kimataifa na sisi tungekuwa tunauza omena kwa utulivu. Na watu wa Budalang'i wangekuwa wanabishana kwa matatu wao ni jiji la ngapi.

Huo ndio mstari wa kwanza, na nataka uushike kwa kichwa, juu ukifuatilia Kisumu imepanda na kushuka vipi utakuta kila mara kuna mtu, mahali mbali, amechora mstari.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na ikafika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, kilomita kama 930. Msumari wa mwisho ulipigwa na Florence Preston, mke wa Ronald Preston, injinia aliyekuwa anasimamia wenye kutandika reli, mama aliyeishi kwa hema miaka yote hiyo akisogea na kambi. Ndio tauni ikaitwa Port Florence. Jina halikudumu, watu waliendelea kuita mahali pao vile walikuwa wanaita, na serikali yenyewe ikarudi kwa Kisumu. Meli kwa kweli ilitangulia treni: ile ndogo ya William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uingereza, ikabebwa na wapagazi kwa mabega kutoka pwani, ikaunganishwa hapa na kuingizwa majini mwaka 1900. Yaani watu walibeba meli kwa kichwa. Mimi hiyo nikifikiria nikiwa nimebeba debe moja la maji nashindwa kulalamika.

Hapo pia kuna imani ingine ya kusafisha. Watu husema Wahindi wa Kisumu ni wajukuu wa wale waliojenga reli. Wako wachache, lakini hesabu haikubali iwe wengi. Wafanyakazi walioletwa kutoka India walikuwa karibu 32,000, na waliobaki Afrika Mashariki baada ya kazi ni kama 6,700 tu, wengine wakarudi kwao ama walikufa. Wenye walijaza duka za Kisumu ni wafanyabiashara waliofuata reli ikiwa tayari, wengi Wagujarati, kwa pesa zao wenyewe. Ule mnara wa saa hapo Oginga Odinga Street ulijengwa mwaka 1938 kumkumbuka mmoja wa wafanyabiashara hao wa mapema, Kassim Lakha.

Na kweli ilikuwa Uganda

Kijana wa nyuma, hii ni yako. Siku ile Florence Preston anapiga msumari, alikuwa amesimama ndani ya Uganda. Reli iliitwa Reli ya Uganda juu ilikuwa inaenda Uganda, na ilifika: mkoa wa mashariki wa Uganda wakati huo ulikuwa unakuja mpaka Bonde la Ufa, Kisumu ndani, Nakuru ndani, Naivasha ndani. Tarehe 1 Aprili 1902 London ikahamisha huo mkoa wote ukawekwa kwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Sababu kubwa haikuwa mtu wa Kisumu wala wa Nakuru, hakuna aliyeulizwa. Walitaka reli yote iwe chini ya serikali moja, wasiwe na treni inabadilisha bosi katikati ya safari.

Mstari wa pili huo. Watu walilala Uganda wakaamka upande mwingine bila kuhama hata mguu moja. Na ndio mwaka 1976 Idi Amin alisimama akadai magharibi ya Kenya yote mpaka karibu na Nairobi ni ya Uganda, hakutunga kutoka hewani, alikuwa ameokota ramani ya zamani. Kenya ilikataa, maandamano yakafanyika, akarudi nyuma. Ramani ya zamani haikupi haki ya kuchukua watu, lakini inaeleza kwa nini stori ya kijana haikuwa ya kuchekwa.

Stage ya kubadilisha gari

Sasa kuna swali lenye watu wa Kisumu huulizana wakiwa wamekaa Dunga wanangoja samaki: kama tulikuwa bandari kubwa hivo, tulienda wapi?

Bandari ya Kisumu ilifanya kazi kama stage ya kubadilisha gari. Unajua vile gari ikifika mahali fulani makanga anasema wa mbele wote mshuke mpande hii ingine? Hapo ndio mama wa mandazi anauza, mwenye soda anauza, wabebaji mizigo wanapata. Faida ya stage kama hiyo inatoka kwa usumbufu, kwa kule kushuka. Miaka ya kwanza ya 1900 pamba ya Uganda ilikuwa inakuja kwa meli mpaka Kisumu, inashushwa, inapakiwa kwa treni, inaenda Mombasa, na bidhaa za kwenda Uganda zinafanya vivyo hivyo kurudi. Kila gunia liliguswa Kisumu. Makuli, makarani, maduka, dokyadi ya kutengeneza meli, vyote vilikula kutoka kwa huko kugusa.

Halafu mwaka 1931 reli ya kupitia Nakuru, Eldoret na Tororo ikafika Kampala. Bypass, kwa lugha ya leo. Gunia la pamba likawa linapanda Kampala linashuka Mombasa bila kuona ziwa. Nakuru ikawa ndio njia panda, na Kisumu ikabaki tawi la pembeni. Wale mnaojiuliza Nakuru ilitupita saa ngapi, anzieni hapo, ilianza mapema sana kabla ya hii mambo ya hati.

Haikufa lakini. Ziwa ni kubwa, kilomita za mraba kama 68,800, na ingawa Kenya iko na asilimia 6 tu ya hayo maji, meli za Kisumu zilikuwa zinazunguka yote: Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Miaka ya 1930 hata ndege za Imperial Airways kutoka London zilikuwa zinatua juu ya maji ya Kisumu, zile ndege zenye tumbo la mashua. Miwa ya Miwani ilikuwa imeanza miaka ya 1920, baadaye viwanda vingine vikaja, pamba, pombe. Na meli na reli zote zilikuwa za shirika moja la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa hivyo mtu wa Kisumu alikuwa anatuma mzigo Mwanza vile sai unatuma parseli Kakamega.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Hapa ningependa tukae kidogo, juu hii ndio watu huruka. Ukiuliza mtu wa Kisumu kwa nini tauni ilidorora atakupatia siasa, na siwezi kumwambia amekosea. Tarehe 25 Oktoba 1969 Jomo Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali iliyojengwa na Wasovieti, mpaka leo wazee wanaiita Russia, wakarushiana maneno na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, mbele ya umati, risasi zikapigwa, watu wakafa. Serikali ilisema 11, watu wa hapa wanasema walikuwa wengi kuliko hao. Siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Baada ya hapo miradi mikubwa kuja huku ilikuwa ngumu na hakuna mtu wa umri ule atakubali uambie mjukuu wake vingine.

Lakini siasa inaweza kueleza barabara ambayo haikujengwa. Haielezi meli yenye ilikuwepo ikaacha kwenda. Hiyo inaelezwa na 1977. Shirika likagawanywa, hii meli yako, hii yangu, mabehewa yakagawanywa kama mali ya ndoa iliyovunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Fikiria uko na duka na mlango mmoja unaangalia barabara na mwingine unaangalia soko, halafu mtu anakuja anatia matofali kwa ule wa soko. Duka liko, wewe uko, bidhaa ziko. Mteja ndiye hayuko. Mwanza ilikuwa palepale ng'ambo, samaki walikuwa wanavuka bila pasipoti, mizigo haikuvuka. Mpaka ulipofunguliwa tena wateja walikuwa wameshazoea njia zingine, malori yameshachukua kazi.

Miaka ya 1990 ikaleta gugumaji, lile jani la kijani linalofunika ghuba mpaka mashua inakwama. Watu wengi wanadhani gugumaji ndilo liliua bandari. Lilikuta mgonjwa amelala tayari, likamwekea blanketi. MV Uhuru, ile feri ya kubeba mabehewa ya treni ya tangu miaka ya 1960, ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kazi kabla ya kurudishwa majini mwaka 2019, na kilichoirudisha ni mafuta ya kupeleka Uganda. Bomba la mafuta lilifika Kisumu mwaka 1994 na ndio limetupatia tena kitu cha kugusa. Treni ya abiria ya Nairobi nayo ilirudi Desemba 2021 kwa ile reli ya zamani iliyokarabatiwa. Hiyo SGR, reli mpya ya kisasa, yenye watu wanaimba kila siku, ikifika swali langu litakuwa moja tu: mzigo utashuka hapa ama utapita?

"Slam" zenye titodidi

Kuna mstari wa mwisho, na huu ndio hufanya wageni wasielewe Kisumu wakiiangalia kutoka kwa ndege.

Ukitua, unaona katikati ya tauni imenyooka, barabara za mraba, Milimani na miti yake. Halafu kuizunguka, kama mkanda, Obunga, Manyatta, Nyalenda, Bandani, mabati kwa mabati. Mgeni anasema hizi ni slam, hawa walivamia ardhi ya serikali kama mahali kwingine. Wapi. Huku ni kinyume kabisa, katikati ndio ilikuwa ya serikali na pembeni ndio iko na wenyewe.

Wakoloni walijenga tauni ndogo na wakaigawa kwa rangi: Wazungu juu kwa kilima upande wa Milimani, Wahindi karibu na maduka, Mwafrika aje kazi halafu arudi atokako. Alirudi kwake kweli, juu kwake kulikuwa pale nje tu ya mpaka, shamba la babu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ukasukumwa nje, ukameza hayo mashamba yote pamoja na maji ya ziwa, jumla zaidi ya kilomita 400 za mraba. Fensi ilisogezwa, ng'ombe wa jirani wakajikuta ndani. Lakini ng'ombe bado ni wa jirani. Familia zilibaki na ardhi yao, zikapata hatimiliki, titodidi kabisa, za kudumu.

Sasa hapo fanya hesabu. Baba ako na ekari tatu Nyalenda na wanawe watano. Kila mmoja anapata kipande, anajenga yake na nyuma anaongeza vyumba sita vya kukodisha, juu watu wanakuja tauni kutafuta kazi na katikati hakuna nyumba. Hakuna aliyeacha nafasi ya barabara, kwa nini aache, hiyo ni shamba yake. Kanju ya zamani, ile baraza la tauni, ikitaka kupitisha bomba la maji taka inabidi ibishe kila mlango iombe, na ikitaka kupanua barabara lazima ilipe fidia. Ndio unapata ritaya wa miaka 70, ameketi kwa kiti cha plastiki chini ya mwembe, ploti ya thamani kushinda nyumba ya Milimani, na choo ni cha shimo. Na kando ya hiyo nyumba ya wapangaji kuna kaburi la babake limesimentiwa vizuri, mpangaji ananing'iniza nguo hapo karibu na hakuna anayeshtuka, juu Mjaluo anazikwa nyumbani na hapa ndio nyumbani. Jiji ndilo lilimfuata.

Ndio maana pia Kisumu inakua kwa kunyoosha mikono kwa barabara badala ya kunenepa. Upande mmoja ni ziwa, huwezi. Upande wa Kano ni tambarare ya mafuriko, mvua ikinyesha Nandi wewe ndio unahama, na mwaka 2020 hata ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwa nyumba na hoteli za bichi. Kaskazini ni vilima vya Kajulu na Riat vyenye mawe. Kwa hivyo nyumba mpya zinafuata lami: Mamboleo kuelekea Kakamega, Otonglo kuelekea Busia, Nyamasaria kuelekea Nairobi, na Riat huko juu kwa wenye pesa wanaotaka kuona ziwa bila kulisikia harufu.

Mkutano wa Africities, ule wa miji ya Afrika, ulipokuja hapa Mei 2022 ilisemwa ni mara ya kwanza kufanyika kwa jiji la ukubwa wa kati, badala ya zile kubwa kubwa. Wenyeji wengine walikasirika kuitwa wa kati. Mimi niliona ni jina linalotutosha vizuri, na lile jumba la mkutano lilijengwa Mamboleo, mahali ambapo nikiwa mdogo tulikuwa tunaita reserve, yaani mashambani.

Shangazi yangu anakaa Nyalenda B, ndani kabisa ya jiji, ako na titodidi, anapigia kura hapo, takataka yake ikichukuliwa inachukuliwa na watu wa jiji. Jumamosi iliyopita nilimpata amevaa viatu vya kutoka, mkoba kwapani, anafunga mlango. Nikamuuliza anaenda wapi. Akanionyesha kwa mdomo upande wa Oginga Odinga Street, hata kilomita tatu haifiki.

"Naenda tauni," akasema, "nitarudi nyumbani jioni."